Makasha Kumi na Tisa Katika Chumba cha Imad

Timbwani, Likoni
14 Januari 2024

Ndugu yangu Imad,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi lina maoni yake. Mama hajambo kabisa. Juzi kamfukuza muuza samaki barazani kwa sababu ya changu mwenye macho mekundu, na sauti yake ikasikika hadi msikitini. Shemeji yako Alawiya anakusalimu sana.

Randa ya umeme imefika salama kwa mkono wa Hadi, msafiri wetu wa Muscat, ndani ya kasha lake, na barua yako imelazwa chini yake kama ada yetu. Hadi anasema alikuwa nayo tangu Novemba, mzigo wake ulichelewa. Nimemsomea Mama barua baada ya Alasiri, mara mbili, ya pili polepole. Unajua simu haitaki. Anasema kwenye simu unasikika kama mtu aliyetumbukia mtungini.

Sasa shauri lenyewe. Shauri ni makasha.

Hilo la randa ni la kumi na tisa. Yote yapo chumbani kwako, chumba cha uani, yamepangwa tangu sakafuni hadi dirishani. La drili ya kwanza uliyoniletea, la grenda, la msumeno, yote. Yote matupu, maana vyombo vyenyewe viko karakana, kila kimoja na msumari wake ukutani. Jumatatu Alawiya alisimama mlangoni pa chumba, mikono kiunoni.

"Abdulhakim, chombo kiko wapi?"

"Karakana, ukutani."

"Na kasha?"

"Si hilo hapo."

"Basi linangoja nini?"

Nikamwambia kasha zuri halitupwi. Hewa ya huku ina chumvi, chombo kisipofunikwa kinashika kutu. Akaniuliza hiyo kutu inaingiaje kwenye kasha lisilo na chombo. Nikamwambia siku nikitaka kuuza chombo, mnunuzi atataka kukiona na kasha lake. Akaniuliza ni chombo gani nimewahi kuuza tangu anioe. Amesema "tangu nikuoe", ndivyo anavyohesabu yeye.

Isitoshe, wallahi, nimejaribu kuvirudisha vyombo ndani. Haviingii! Kiwandani waya ulikunjwa na malaika. Mimi nikiukunja, kasha linabaki mdomo wazi. Chaja ukiigeuza kidogo tu, halifungi. Kila kitu mle ndani kina kitanda chake na hakikubali cha jirani.

Sasa sikia aibu niliyoipata. Nina kazi Junda, kwa mama mmoja aitwaye Mwikali, kumfungia makabati ya jikoni. Siku moja nikaamua kuwa fundi wa heshima, drili nikaishindilia kwenye kasha lake tangu jioni. Asubuhi nikalibeba, nikavuka feri, nikafika Junda, nikalifungua mbele ya mwenye nyumba. Ndani mna vikombe vya kahawa vya Idi, kumi na viwili, kila kimoja kimevishwa soksi yangu. Kumbe Alawiya naye ameona makasha yanafaa, na yale mawili ya drili ni mapacha.

Mwikali akainama, akatazama. "Fundi, hivi ndivyo vya kutobolea ukuta?"

Nikakivua soksi kikombe kimoja, nikaitia mfukoni.

"Haya, kaa tunywe kahawa, madhali vikombe umekuja navyo."

Nikanywa. Ningefanya nini?

Lakini Alawiya ana sababu yake, nami sitaki kumdhulumu. Kuna mwalimu, Margret, mtu wa bara, mpole, amehamishiwa shule iliyo hatua mia kutoka kwetu. Anaishi Magongo, na kila alfajiri anakatiza kisiwa kizima ndipo avuke feri. Alawiya anataka apewe kile chumba. Mimi nasema chumba kina vitu. Tumebishana hadi tukachoka, mwisho tukakubaliana: chumba ni cha Imad, Imad aamue. Makasha yakae au yatoke?

Amua kwa uadilifu, ukikumbuka nani alikufundisha kushika nyundo.

Nduguyo,
Abdulhakim


Muscat
25 Februari 2024

Kwa kaka yangu Abdulhakim,

Shikamoo. Alaykum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Baridi imekwisha. Mpe Mama mkono wangu aubusu yeye, nami naubusu wake. Shemeji mwambie ameshinda.

Toa makasha yote. Chombo kikishatoka kasha halina kazi, linafuga unyevu na mende. Usibakize hata moja. Chumba kiwe kitupu, na ukuta ukipata chokaa itakuwa vizuri zaidi.

Samahani kwa ufupi. Kazi nyingi.

Imad


Timbwani
10 Machi 2024

Ndugu yangu Imad,

Nakusalimu salamu ya mwezi mtukufu unaobisha hodi. Mama amekwisha kuagiza tende, akazionja, akazirudisha, akaagiza nyingine. Goti langu linaahidi kufunga nasi.

Kwanza, mwandiko wako umeingiwa na nini? Wewe uliyekuwa ukiandika kadi za harusi za Timbwani nzima! Hii barua nimeisoma kama mtu anayepita mtaani baada ya mvua, naruka hapa, nazama pale. Mama kaniuliza kwa nini nakwama. Nikaisingizia miwani, naye sasa ameniamuru ninunue mpya. Andika ukiwa umekaa, bwana, si huku unakimbilia basi.

Pili, hukumu yako. Nitasema kweli: sijawasomea. Yaani nimeisoma mimi, lakini nilipofika pale penye "ameshinda" nikakohoa, nikarukia samahani yako ya mwisho. Alawiya aliuliza, "Imad amesemaje?" Nikamjibu bado unatafakari. Mwezi wa Ramadhani unakuja nami nimeuanza kwa uongo, na dhambi hii tutagawana.

Imad, mahakimu wote duniani hutoa sababu. Wewe umenipa mende. Chumba kikiwa kitupu, kitupu kwa ajili ya nani? Unataka mwalimu Margret aingie? Sema ndiyo au la. Mimi nitaelewa.

Habari za Junda: makabati yamekwisha, na mlango mmoja umepungua upana wa kidole. Nilipima mara tatu nikapata majibu matatu, nikachagua lililonipendeza. Mwikali anasema ni sawa, paka atapata pa kuchungulia. Enzi zako, ulipokuwa ukipima wewe, hakukuwa na paka aliyechungulia popote.

Nduguyo,
Abdulhakim


Muscat
2 Mei 2024

Kwa kaka Abdulhakim,

Shikamoo. Idi ilikuwa njema, tulikula biriani ya Wapemba. Nimefurahi Mama yu na nguvu. Mwambie miwani yako haina kosa, usinunue nyingine.

Kuhusu makasha nimekwisha kusema. Naomba yawe yametoka kabla ya mwisho wa Julai. Mpe yule Gona mwokota plastiki, mwenye mkokoteni, kama bado anapita. Mimi huku vyombo vyangu nimewagawia wenzangu wote, nimebaki na futi ya kupimia tu, wala sikuumwa moyo. Ni vitu tu.

Shemeji asalimiwe. Hadi aliniletea bajia za shemeji, zilikuwa zimevunjika lakini nilikula hadi unga.

Imad


Timbwani
20 Mei 2024

Ndugu yangu,

Wote wazima. Mama mzima. Goti nimelisamehe. Salamu nazifupisha leo kwa sababu barua hii Mama hasomewi. Nimeiandikia karakana, juu ya benchi, ndiyo maana ina vumbi la mninga.

Nilikuuliza jambo moja, ndiyo au la. Umenijibu bajia.

Basi nikajisemea, mtu aliyewagawia watu vyombo vyake vyote huko ugenini, anataka na chumba chake kisafishwe, huyo amekata shauri. Atakaa huko huko. Pengine ameoa, pengine amechoka na sisi, na haki yake. Jumamosi iliyopita nikayatoa makasha yote barazani, moja moja, nikamwita Gona.

Gona akaja na mkokoteni. Akalishika la drili ya kwanza, lile la kijani ulilonunua kwa mshahara wako wa mwanzo. Akaligeuza, akaligonga.

"Mzee, hili zima kabisa. Mbona mnatupa?"

"Halina kitu ndani."

"Hata mimi nyumba yangu haina kitu ndani, lakini siitupi." Akacheka mwenyewe. Halafu akalilaza chini, akainua mguu alibane lisijaze mkokoteni. Likalia ta!

Nikasikia mtu amepiga kelele "Acha!" Nilipoangalia, ni mimi.

Mama alikuwa dirishani. Alisema tu, "Abdulhakim, rudisha vitu vya Imad ndani." Na Alawiya, ambaye miezi minne anataka yatoke, akachukua mawili mkono huu na mawili mkono ule, akatangulia uani. Tulipomaliza akakaa juu ya la grenda, akanitazama.

"Kumbe ulikuwa ukimlindia chumba."

Nikasema ndiyo.

"Ungeniambia tangu mwanzo, nisingekuita bahili wa plastiki mbele ya watu."

Ndiyo hivyo, Imad. Hakuna hewa ya chumvi wala mnunuzi. Chumba kitupu Likoni hakikai wiki moja. Kikiwa kimejaa, hakuna wa kukiomba. Kila ulipoleta chombo nikakitundika ukutani, na kasha nikaliweka pale mahali pako, likushikie nafasi. Miaka kumi na moja. Nilidhani nafanya ujanja mkubwa, kumbe nimekuwa bawabu wa makasha matupu.

Sasa nakuuliza bila mzaha, na mimi bila mzaha ni kitu kigumu: unarudi au hurudi? Ukisema hurudi, Margret atahamia Ijumaa, nami sitakuwa na kinyongo. Goti litakuwa nacho, mimi sitakuwa nacho.

Abdulhakim

Kasha la kijani limepata ufa kwenye pembe. Nimeliziba kwa gundi.


Muscat
23 Juni 2024

Kaka yangu Abdulhakim,

Shikamoo. Ukurasa wa kwanza uliokunjwa peke yake ni wa Mama, una salamu za Idi na habari za joto. Huu ni wako peke yako.

Narudi. Nimekuwa nikirudi tangu Februari, ila sikujua jinsi ya kulisema.

Tarehe nane Desemba, Ijumaa, nilikuwa napasua ubao wa mtiki kwenye msumeno wa meza. Nilikuwa naharakisha niwahi sala. Ubao ukarudi nyuma ukanivuta mkono. Kosa langu, si la mtu mwingine. Mkono wa kulia, vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimekwenda. Dole gumba lipo, limekakamaa kidogo. Kidonda kimepona. Ile randa nilikuwa nimekwisha kumkabidhi Hadi kabla ya hapo, ndiyo maana barua yake ilikuwa na mwandiko wangu wa zamani.

Mwandiko unaoucheka ni wa mkono wa kushoto. Usihuzunike. Niliposoma ile ya mtu anayepita mtaani baada ya mvua nilicheka hadi mwenzangu wa chumbani akaja kuangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba. Nina daftari la mistari kama la mtoto wa darasa la kwanza, naandika ukurasa mmoja kila siku baada ya Alfajiri. Kwenye simu za video nilikuwa nasingizia mtandao mbovu, na Hadi nilimwapisha asiseme.

Unauliza kwa nini makasha. Kwanza nilikitaka chumba. Sikuweza kukuomba chumba bila kusema narudi, wala kusema narudi bila kusema kwa nini, na barua Mama anasomewa. Ulipoandika habari za Margret nikaona hapo ndipo pa kupita: makasha yatoke, na chumba kikishakuwa kitupu nije nikikalie mwenyewe kabla hajaingia. Ujanja wetu ni wa nyumba moja.

Pili, kila kasha lile nalijua. Nikilitazama mkono unakumbuka chombo chake kilivyokaa kiganjani. Sikutaka kulala katikati ya vitu kumi na tisa nisivyoweza kuvishika.

Hapa wamenipa kazi ya kuhesabu bawaba stoo. Nimewashukuru, nimekataa. Nitakuja pamoja na Hadi, wiki ya kwanza ya Agosti inshallah. Ila niambie ukweli, usinifariji: fundi asiyeweza kubana drili ana kazi gani Timbwani?

Nduguyo mdogo,
Imad


Timbwani
14 Julai 2024

Imad, ndugu yangu wa tumbo moja,

Salamu zako zitangoja kidogo, kwanza Mama.

Nimemwambia. Najua ukurasa ule ulikuwa wangu peke yangu, lakini nilipomaliza kuusoma akaniuliza kwa nini miwani imelowa, nami nikawa nimeishiwa uongo. Akasogeza punje chache za tasbihi. Kisha:

"Mkono upi?"

"Wa kulia, Mama."

"Vimebaki vingapi?"

"Vitatu."

"Vitatu ndivyo vya sunna ya kula. Nyinyi ndio mnaochota wali kwa mkono mzima kama mnajenga." Akajifunika leso usoni, akalia kidogo, akajipangusa, akamwita Alawiya waanze kuhesabu mito. Tangu siku hiyo ni mito tu hapa nyumbani. Sasa hivi una saba.

Margret usimfikirie. Alawiya amemtafutia chumba kwa binamu yake, nyuma ya duka la Noor, na kina dirisha kubwa kuliko lako. Jana ameleta sinia la chapati za kushukuru.

Swali lako. Umeniambia nisikufariji, basi sikufariji, nakuhesabia. Mimi nina mikono miwili na jicho bovu. Miaka kumi na moja nafunga milango inayochungulia paka, na wateja wananivumilia kwa sababu nawachekesha. Wewe una jicho la haki na mkono mmoja na nusu. Tukijumlishwa tunatoka fundi mmoja kamili na chenji inabaki. Utapima, utachora, utanisimamia mgongoni uniambie "bado". Mwikali ana chumba cha pili cha kuwekewa makabati. Nimemwambia ndugu yangu mpimaji anakuja Agosti. Akasema, "Alhamdulillahi," na yeye ni Mkristo.

Na futi uliyobaki nayo, njoo nayo. Yangu ndiyo yenye makosa, nimekwisha kuamua.

Kuhusu makasha, nimeikataa hukumu yako na nimeikataa yangu. Nimekuundia kitanda cha mninga. Chini yake kuna vyumba vidogo kumi na tisa, mstari juu ya mstari, na kila kasha linaingia na kutoka kama mtoto wa meza. Hayana chombo ndani, usiogope, hata yale ya drili. Moja Mama amelitia leso zako za zamani. La kijani lenye ufa lina barua zako zote, za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto. Vikombe vya kahawa vimerudi kabatini, soksi nimerudishiwa. Yaliyobaki utajaza mwenyewe. Kwa ajili ya mistari hiyo ya makasha kitanda kimeinuka kuliko vitanda vya watu. Alawiya anasema utapanda kama imamu anavyopanda mimbari.

Nimekisogeza ukutani upande wa kulia, na vishikio vyote nimevigeuza vitazame kushoto. Nimevijaribu. Vinafunguka kwa dole gumba moja.

Kasoro ni moja tu. Nilikiundia mle mle chumbani, na kwa vipimo vyangu kimekuwa kipana kuliko mlango kwa kiganja kizima. Hakitoki tena, labda tuvunje ukuta. Alawiya ananiuliza kama nilikosea au nilikusudia. Nimemwambia Imad anakuja na futi yake, yeye ndiye atakayepima.

Kakako,
Abdulhakim